Mvua ya mawe, mafuriko au tembo shambani: mwongozo kamili wa kufuatilia msaada wa serikali kwa wakulima wa Tabora na Kigoma

Wakulima wenzangu habari za majukumu. Kila msimu mvua zikishachanganya, Desemba mpaka Februari huko, simu za viongozi wa AMCOS (vyama vyetu vya ushirika vya mazao) huku Urambo na Kaliua haziachi kuita. Mvua ya mawe imepita kijiji fulani, tumbaku yote imetobolewa, watu wanauliza serikali inalipa lini na fomu inachukuliwa wapi. Kigoma swali ni hilohilo ila huko mara nyingi ni maji, Malagarasi imetoka kwenye mkondo wake imelala juu ya mpunga, au ziwa limepanda limekula mashamba ya pembeni. Alafu kuna wale wa jirani na hifadhi za Ugalla, Moyowosi na Kigosi ambao mvua hawaiogopi, wanaogopa tembo.

Shida ninayoiona ni kwamba watu wengi wanadhani kuna dirisha moja pale halmashauri, unaenda unasema shamba limeharibika unalipwa. Hakuna. Kuna milango mitatu, kila mmoja una mwenye funguo wake, na ukigonga mlango ambao sio wako utazungushwa msimu mzima bila mtu yeyote kuwa amekukosea. Tena niseme mapema mtu asije akapoteza nauli bure: hapa kwetu hakuna sheria inayosema mvua ikiharibu shamba basi serikali inakulipa thamani ya mazao yako. Kinachopatikana ni kingine, na tutakipitia chote.

Ujue kwanza wewe ni wa mlango upi

Mlango wa kwanza ni maafa. Huu unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, ambayo imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji, kata, wilaya, mkoa mpaka taifa. Wilayani mwenyekiti ni DC, mkoani ni RC, na uratibu wa nchi nzima upo Ofisi ya Waziri Mkuu. Mlango huu ni wa tukio kubwa lililokumba watu wengi, mfano mafuriko yamezoa mashamba na nyumba za kitongoji kizima. Na msaada wake mara nyingi sio hela mkononi, ni chakula, mablanketi, mahema, pengine mbegu, au mahindi ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, kuletwa yauzwe kwa bei nafuu kwenye eneo lenye upungufu. Ukienda na hesabu za kulipwa kwa gunia utaondoka umenuna.

Mlango wa pili ni kifuta jasho, hiki ni cha wanyamapori tu. Tembo, kiboko, nyati wakiingia shambani, mwenye mzigo ni Wizara ya Maliasili na Utalii na kanuni zake zipo tangu 2011. Huu ndo mlango pekee kati ya hiyo mitatu ambapo serikali yenyewe inatoa hela taslimu kwa mkulima mmoja mmoja kwa idadi ya ekari.

Mlango wa tatu ni bima. Sio msaada wa serikali kwa maana hiyo, ila serikali imeusukuma sana, na 2023 ilizinduliwa konsotia ya bima ya kilimo ambapo kampuni za bima zinabeba hatari kwa pamoja. Kwa mkulima wa tumbaku hapa Tabora huu ndo mlango wako wa mvua ya mawe, na kuna watu wana bima hata hawajui mana makato yalipita ndani ya mkopo wa pembejeo kwenye chama. Kwa hiyo kabla hujalalamika popote nenda kwa katibu wa AMCOS yako uulize vitu vitatu: msimu huu tumekatiwa bima au hatujakatiwa, inahusu majanga gani, na tunatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku ngapi. Hilo la siku ndo linaloua watu. Mikataba ya bima huwa na muda wa kutoa taarifa, ukipita unaweza ukakataliwa hata kama shamba limebaki vijiti.

TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, haimo humu. Wanaolipwa TASAF ni kaya zilizotambuliwa kwa utaratibu wake tofauti kabisa, tembo kula mahindi yako hakukuingizi kwenye orodha hiyo.

Siku ya kwanza na ya pili: ushahidi

Hapa nakaa kidogo kwa sababu milango yote mitatu inataka kitu kimoja, ushahidi wa mapema, na ushahidi una tabia ya kupotea. Barafu inayeyuka ndani ya saa, maji ya mafuriko yanashuka, nyayo za tembo zinafutwa na mvua ya usiku unaofuata. Afisa atakuja baada ya siku nne, atakuta kajua kanawaka na majani yamenyauka, atajuaje kama ni mawe au ni ukame au wewe mwenyewe hukupalilia?

Simu yoyote yenye kamera inatosha. Washa location kwanza kwenye kamera ili picha ibebe mahali ilipopigwa, na angalia tarehe ya simu iko sawa. Alafu piga hivi: picha ya mbali ambayo inaonyesha shamba na kitu kisichohama, mti mkubwa, mlima, nyumba, bani la kukaushia tumbaku, ili mtu asiseme umepiga shamba la jirani. Picha ya katikati inayoonyesha mistari mitatu minne. Picha ya karibu ya mmea wenyewe, jani lililochanika, mhindi uliovunjwa, suke lililolala kwenye tope. Mawe ya barafu yapige haraka ukiweka kiberiti pembeni, kiberiti kila mtu anajua ukubwa wake. Maji, chomeka mpini wa jembe upige picha kuonyesha kina. Nyayo za tembo weka kandambili au jembe pembeni, na mavi yake pia piga, usione aibu, hiyo ni ushahidi mzuri kuliko maneno. Piga pembe zote nne za shamba na sio ile pembe iliyoumia zaidi peke yake, afisa mzoefu akiona picha zote ni za kona moja anajua.

Kitu ambacho wengi hawajui, ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora na zile taarifa za mahali na saa zinaondolewa. Kwa hiyo original usifute, baki nayo kwenye simu, na ukimtumia mtu itume kama dokumenti.

Alafu usianze kung'oa! Najua inauma kuliangalia, na mke au mume anasema tupande kitu kingine haraka kabla mvua hazijakata. Kwa upande wa bima ukilima upya kabla mtathmini hajafika umefuta ushahidi wako mwenyewe. Kama huwezi kusubiri kabisa, omba ruhusa kwa maandishi kupitia chama na acha vipande kadhaa shambani bila kuguswa, vya sehemu mbaya na vya sehemu nzuri. Na hata kilimo chenyewe kinataka subira: mahindi yakipigwa na mawe yakiwa bado madogo, majani matano hivi, kile kiini cha kukua bado kiko chini ya udongo, mmea unaweza ukachipua tena. Subiri siku saba mpaka kumi ndo utajua kilichokufa na kilicho hai. Nimeona mtu amelima upya ekari mbili siku ya pili, jirani yake ambaye alikuwa mvivu tu akavuna.

Pima eneo, usikadirie kwa macho

Ekari kwa hatua za mtu mzima ni 70 kwa 70, hii kila mkulima huku anaijua. Sasa pima eneo lililoharibika, sio shamba lote. Kama una ekari nne na tembo wamelamba upande wa mtoni tu, andika ekari moja na nusu kama ndo ukweli. Kuna programu za bure za simu za kupima eneo kwa kuzunguka shamba, ukiwa nayo tumia, ila hatua zinatosha kwa taarifa ya kwanza.

Na hapa kuna mtego. Tangu msimu wa 2022/23 wakulima tunaandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na kwenye ule usajili ulitaja una ekari ngapi na zao gani. Kuna watu waliandikisha ekari kumi wapate mifuko mingi, leo shamba limeharibika wanasema wana ekari tatu, au kinyume chake. Mtendaji ana ile daftari. Ukitaja namba mbili tofauti unampa mtu sababu ya kukutilia mashaka kwenye kila kitu kingine. Kama usajili wako una makosa karekebishe mapema, kabla ya janga.

Waliokodi shamba pia wasikilize: aliyelima ndo mwenye hasara, ila kama hakuna karatasi mwenye ardhi anaweza akajitokeza siku ya orodha akasema shamba ni langu, na kweli ni lake. Karatasi ya makubaliano ya kukodi, mashahidi wawili na mhuri wa kijiji, inamaliza ugomvi huo.

Taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kwa maandishi

Kumwambia mwenyekiti wa kitongoji mkiwa kwenye kahawa sio taarifa. Mwambie ndio, ila andika. Barua yenyewe fupi tu, mfano huu:

*Mtendaji wa Kijiji, Kijiji cha ........, Kata ya ........*
*YAH: TAARIFA YA UHARIBIFU WA SHAMBA*
*Mimi ........, namba ya NIDA ........, simu ........, mkazi wa kitongoji cha ........, natoa taarifa kuwa tarehe ........ saa ........ shamba langu lililopo eneo la ........ liliharibiwa na (mvua ya mawe / mafuriko / tembo). Zao ni ........, lilipandwa tarehe ........, eneo lililoharibika ni ekari ........ kati ya ekari ......... Majirani walioshuhudia ni ........ na ......... Naomba ukaguzi wa afisa kilimo na taarifa hii ifikishwe ngazi zinazohusika. Picha ninazo.*

Andika nakala mbili. Moja unamwachia, nyingine anakugongea mhuri na tarehe unarudi nayo nyumbani. Ile yenye mhuri ndo silaha yako, miezi sita baadae mtendaji anaweza akahamishwa na anayekuja hajui chochote, bila hiyo karatasi unaanza moja. Kama tembo ndo waliokuja, nakala nyingine peleka kwa afisa wanyamapori wa wilaya, wengi tunamwita DGO. Kama ni tumbaku yenye bima, nakala nyingine iende AMCOS siku hiyohiyo.

Mkipigwa wengi msiende mmoja mmoja. Mtendaji akipokea barua arobaini za mtaa mmoja, na akaita mkutano likaandikwa kwenye muhtasari wa kijiji, hapo linakuwa suala la kamati ya maafa na linapanda kata mpaka wilayani. Shamba moja peke yake haliwezi kufika kwa DC kama maafa, nasema wazi.

Siku ya bwana shamba

Afisa ugani wa kata akija uwepo mwenyewe, usimtume mtoto. Tembea naye shamba zima, na waite wale majirani mashahidi. Atakuuliza ulipanda lini, mbegu gani, mbolea umeweka mara ngapi, maana anakadiria asilimia ya hasara kulingana na hatua ya mmea. Mawe yakipiga mahindi yanayotoa mbelewele hasara ni kubwa kuliko yakipiga mahindi ya magotini, na tumbaku ni mbaya zaidi kwa sababu unachouza ni jani lenyewe, likitoboka limeshuka daraja hata kama mmea unaishi.

Usiongeze chumvi. Ukisema mia kwa mia na yeye anaona mistari mizima imesimama, atakushusha kwa hasira kuliko ambavyo angekukadiria kwa haki. Kabla hajaondoka omba uone alichoandika: jina lako kama lilivyo NIDA, ekari, zao, asilimia. Kosa la herufi moja kwenye jina litakuja kukusumbua siku ya malipo, huyu anaandika Rashid yule Rashidi, mfumo unasema ni watu wawili.

Kama anasema hana usafiri, ambacho mara nyingi ni kweli kata zetu ni kubwa na pikipiki moja, wakulima mnaweza mkachangia mafuta kwa uwazi na mkaandika kwenye muhtasari. Hiyo ni tofauti na mtu kukuita pembeni.

Baada ya hapo kila mlango una njia yake

Kifuta jasho. DGO na afisa kilimo wanakagua, fomu inajazwa, halmashauri inapeleka wizarani, siku hizi kwa mfumo wa kielektroniki. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, na ukomo ni ekari tano. Ukikaa karibu unapata kidogo, ukiwa ndani ya mita 500 hupati kitu. Muulize DGO kiwango kinachotumika sasa hivi. Fanya hesabu: kwa viwango hivyo vya 2011 hata ukipata cha juu kabisa kwa ekari tano zote ni laki tano, na mtu aliyelima ekari nane za mahindi kwa mbolea anajua laki tano inaishia wapi. Mimi binafsi naona inastahili kufuatiliwa, ila usikope kwa kuitegemea, inachelewa. Ukilima ndani ya hifadhi yenyewe usijisumbue kabisa, utajiripoti mwenyewe.

Hilohilo kwa wa mabondeni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Mpunga wako ukiwa kwenye kingo kabisa ya Malagarasi, siku ya tathmini swali la kwanza linaweza lisiwe hasara, likawa ulikuwa unafanya nini pale.

Maafa. Kazi yako hapa ni kuhakikisha jina la kaya yako lipo kwenye orodha ya kijiji kabla haijaenda kata. Orodha ikishapanda kuirudisha ni shughuli. Ombeni isomwe mkutanoni kwa sauti, majina yote, majina hewa yatajulikana hapohapo mana kijijini tunafahamiana. Ukisikia mbegu au mahindi ya bei nafuu yamekuja, uliza kituo cha kuuzia na kiasi kwa kaya kwa mtendaji kata, sio kwa mtu wa bodaboda.

Bima. Chama ndo kinapeleka dai, sio wewe, kwa hiyo msumbue katibu kwa heshima. Uliza bima yenu ni ya aina gani, kwa sababu kuna inayoangalia shamba lako wewe na kuna inayoangalia vipimo vya eneo zima kama mvua iliyopimwa na satelaiti. Kwenye hii ya pili shamba lako linaweza kufa lote na usilipwe kama eneo kwa ujumla limeonekana salama, na jirani ambaye hakuumia akalipwa. Uliza pia kinacholipwa ni gharama za pembejeo au thamani ya mazao. Ni vitu viwili vyenye tofauti kubwa sana, na mkutano wa chama wa kuulizia hayo ni ule wa kabla ya msimu, wakati bado mnaweza kusema hapana.

Hela ikikaribia

Namba ya simu uliyoandika iwe imesajiliwa kwa jina lako na NIDA yako. Wamama wengi wanatumia laini ya mtoto au ya mume aliyeko Mpanda, hapo ndo malipo yanapokwama au yanapoliwa. Akaunti ya benki kama imelala muda mrefu kaiamshe mapema. Weka kwenye bahasha moja: barua yenye mhuri, fotokopi ya NIDA, namba ya mkulima, picha zilizochapishwa hata mbili tatu, na karatasi ya kukodi kama ipo.

Matapeli nao wanajua kalenda. Ikitangazwa tu kwamba kijiji fulani wamekumbwa, meseji zinaanza, tuma elfu ishirini ya kufungulia faili, hakiki malipo yako kwa kutuma namba ya siri. Hakuna ada ya fomu kwenye mlango wowote kati ya hiyo mitatu. Meseji kama hiyo unaipeleka 15040, ni bure. Na ofisa akikuomba chochote ili jina lako liingie, TAKUKURU ni 113, nayo bure.

Kwa wa tumbaku, hela ya bima ikija kupitia chama usishangae ukikuta mkopo wa pembejeo umekatwa kwanza. Omba uandikiwe mchanganuo: dai lilikuwa kiasi gani, limelipwa kiasi gani, deni limekatwa kiasi gani, umebaki na nini. Kama chama hakitoi mchanganuo nenda kwa afisa ushirika wa wilaya na ile bahasha yako. Kama kampuni ya bima ndo imekataa au imekaa kimya, omba sababu kwa maandishi, alafu malalamiko yanaenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye kazi yake ni hiyo. Kwa kifuta jasho kilichokwama unamwandikia mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa DGO, ukitaja tarehe ya mhuri wa kijiji na kuuliza swali moja tu: fomu yangu ilipelekwa wizarani tarehe ngapi? Wakikujibu tarehe unajua mpira uko Dodoma. Wakishindwa kuitaja, ujue bado iko kwenye droo pale wilayani na unaanzia hapo.